Mafuta Niliyompelekea Mjomba

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi wa mashua katika ufuo mmoja wa ziwa huko Seme, na ni mashua zake zilizonisomesha. Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Mama alikuwa na kipande cha shamba la mtama kisichoweza kutufikisha mavuno mengine. Mjomba hakuitisha kikao cha ukoo wala hakutoa hotuba. Alikuja tu Januari, akabeba sanduku langu begani na kunipeleka shuleni, na akafanya hivyo kila Januari mpaka nikamaliza chuo cha ufundi, nilikosomea kazi ya maabara. Kwa hiyo nilipoajiriwa sikuhitaji kujiuliza nimshukuru nani. Nilijiuliza nimshukuru vipi.

Kazi yenyewe ilikuwa katika kiwanda kimoja mjini Kisumu, katikati ya miaka ya themanini. Nilipanga chumba mtaa wa Migosi, nikawa naenda kazini kwa miguu. Kiwanda kilikuwa na boila mbili zilizochoma mafuta mazito, yale meusi yanayobaki chini baada ya petroli, mafuta ya taa na dizeli kutolewa. Yalikuja kwa mabehewa ya reli. Kabla ya behewa kufunguliwa nilipanda juu yake, nikateremsha kopo lenye kamba, nikachota sampuli na kwenda kuipima: ina maji kiasi gani, inatiririka vipi ikipashwa moto, mvuke wake unawaka kwenye joto gani. Mkuu wangu alikuwa mkemia mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu, aliyeweza kutania kwa Dholuo mpaka wapakiaji wakaweka magunia chini ili wacheke vizuri. Alinipenda kwa sababu sikuandika namba ambayo sikuipima. Alinipenda kwa hilo, nami leo nalikumbuka kwa aibu.

Sampuli zikikaa mwezi bila malalamiko zilimwagwa katika pipa la mabaki nyuma ya maabara. Siku moja nilimwomba mtungi wa lita ishirini.

"Wa nini?" akauliza.

"Mjomba wangu anaunda mashua. Nadhani yatamfaa kwa mbao."

"Chukua. Hiyo ni takataka. Lakini mwambie asikae nayo karibu na moto."

Hilo ndilo onyo pekee tulilokuwa nalo wakati huo, yeye na mimi.

Mpaka siku hiyo mjomba alipaka mbao zake mafuta ya samaki aitwaye mbuta. Mbuta walikuwa tele ziwani, wengine wa kubebwa na watu wawili, na mafuta yao yaliyeyushwa pale pale ufuoni katika masufuria makubwa. Lakini viwanda vya minofu vilipoingia, samaki mzima akawa haonekani tena ufuoni, na mafuta kidogo yaliyobaki yakawa ya akina mama waliokaanga sokoni migongo ya samaki, mifupa iliyobaki viwandani. Mjomba alianza kupaka mashua nusu. Aliniambia hivyo kwa aibu, kama mtu anayekiri kwamba amelaza watoto njaa.

Nilishuka kwenye basi la Kombewa na mtungi wangu, nikatembea nao hadi ufuoni nikibadilisha mikono. Alifungua kifuniko, akanusa.

"Okewa," akasema. Ndivyo tunavyomwita mtoto wa dada kwa Dholuo. "Umeniletea nini hapa? Lami?"

"Ndugu ya lami, nera." Nera maana yake ni mjomba wangu.

Aliyapasha moto katika debe, akayalainisha kwa mafuta ya taa kidogo, akaanza kupaka kwa kipande cha gunia. Kisha akatupa gunia na kutumia kiganja. Mvuke ulimpanda usoni, naye hakujali. Nilimwambia atafute brashi.

"Brashi haijui ufa uko wapi," akasema. "Mkono unajua."

Mbao zilizopakwa mafuta yale zilikataa maji. Mashua ambayo ilihitaji kuzibwa upya kwa pamba baada ya kila masika, sasa ilikaa masika mawili, matatu. Habari zikaenea. Watu wa fuo nyingine walianza kuja kwa mjomba na kuuliza dawa ya okewa. Kila nilipopata nafasi nilipanda basi na mtungi, na nilipokaribia ufuo nilisikia wavuvi wakinipigia kelele, "Amekuja! Amekuja!" Sijawahi kupendwa mahali popote kama nilivyopendwa pale. Mjomba alikuwa na mazoea ya kuniweka mbele ya wateja wake, mkono wake mweusi begani kwangu, shati langu jeupe likiharibika, nami nikiona fahari hata kwa doa.

Hivyo ikapita miaka mitano au sita.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini boila zetu zilianza kutusumbua. Masizi yalizidi, mabomba yakaliwa na kutu. Mkuu wangu alishuku kwamba mafuta tunayoletewa yamebadilika kwa namna ambayo vipimo vyetu vya kizamani havingeweza kuona. Akanitafutia nafasi ya miezi miwili katika maabara moja ya Nairobi, nikajifunze mashine iitwayo spektromita ya masi. Nilibeba sampuli kadhaa, na moja kati yao niliichota kutoka kwenye pipa la mabaki, ili niwe na kitu cha kufanyia mazoezi bila kuogopa kukimaliza.

Mwalimu wangu alikuwa mkemia wa makamo, mama mpole asiyerudia maelezo mara mbili. Alinifundisha kwanza kuondoa lami, kwa sababu lami ingeziba mashine. Kisha tulipitisha mafuta yaliyobaki katika mrija wa kioo uliojaa unga mweupe, yakashuka kwa mafungu, moja halina rangi, jingine la manjano. Fungu la manjano ndilo tuliloliingiza kwenye mashine. Ndani yake mafuta hugeuzwa mvuke, hupita katika mrija mwembamba wa mita nyingi, na kila kitu hutoka kwa wakati wake. Kinapotoka hupigwa kwa elektroni. Molekuli nyingi huvunjika vipande, na mashine hupima uzito wa kila kipande na kuchora mistari kwenye karatasi. Ukizoea, unaisoma mistari ile na kujua kitu kizima kilivyokuwa kabla ya kuvunjwa.

Nilipenda kazi ile kupita kiasi. Nilikuwa nimeyashika mafuta yale miaka yote kama kitu kimoja, kitu cheusi, kumbe yalikuwa mamia ya vitu vilivyojificha ndani ya rangi moja.

Siku tulipoweka sampuli ya pipa la mabaki, mwalimu alisimama nyuma yangu akisoma karatasi ikitoka.

"Unaona huu mstari wa mia moja sabini na nane?" akasema. "Hizo ni pete tatu za kaboni zilizoshikana. Mia mbili na mbili, pete nne. Angalia hazivunjiki, mstari ni mmoja mrefu tu. Pete zikishikana hivyo huwa ngumu kuvunja." Karatasi ikaendelea kutoka. Akaweka kidole. "Na hii hapa, mia mbili hamsini na mbili. Hizi za pete tano ni mbaya. Ndani ya hili kundi kuna zile zinazoleta saratani ya ngozi kwa mtu anayezishika mwaka hadi mwaka. Ziko nyingi humu. Haya mafuta umeyatoa wapi?"

"Kwenye pipa la mabaki."

"Na mnayafanyia nini?"

"Tunayamwaga," nikasema.

Nilisema hivyo upesi sana. Mpaka leo nashangaa upesi ule. Nilikuwa bado sijajua nitafanya nini, lakini ulimi wangu ulikuwa umeshajua nitaficha.

Niliporudi Kisumu, kazini nilisema siku ya kwanza. Nilimwonyesha mkuu wangu karatasi, nikamweleza. Alizisoma taratibu, akavua miwani, akatazama viganja vyake mwenyewe. Jioni hiyo hiyo aliagiza glavu ndefu za mpira kwa kila mtu wa maabara na wa boila. Kisha akaniita.

"Na yule mjomba wako? Umemwambia?"

"Nimemwambia," nikasema. Sikuwa nimefika Seme tangu nitoke Nairobi.

"Basi mpelekee hizi," akasema, akanipa jozi mbili.

Jumamosi nilienda na glavu, bila mtungi. Njiani nilipanga maneno yangu vizuri kabisa. Nilimkuta mjomba anamalizia mashua ya mjane mmoja muuza samaki, na mjane mwenyewe alikuwepo, ameketi juu ya gogo anaitazama mashua yake.

"Huyu ndiye," mjomba akamwambia. "Mwenye dawa ndiye huyu."

Mjane akasimama, akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa niaba ya watoto wake. Mjomba akatazama nyuma yangu.

"Na mtungi uko wapi? Mashua hii inangoja mtungi tu."

"Nitaleta wiki ijayo," nikasema.

Nilimpa glavu. Nilimwambia zimegawiwa kiwandani, zimezidi. Alivaa moja, akapitisha mkono kwenye ubao, akacheka mpaka akakohoa.

"Hii ni kama kuvaa kiatu mkononi. Nitajuaje ufa?"

Akazitundika kwenye msumari wa banda lake.

Wiki iliyofuata nilipeleka mtungi.

Watu wakisikia habari hii hunifariji kwamba sikujua. Miaka ile ya kwanza, kweli sikujua, wala sijilaumu sana kwayo. Lakini mtungi wa mashua ya mjane niliubeba nikijua. Nikabeba mwingine wa mashua ya mwalimu mmoja, na mwingine wa mashua ya ndugu wawili. Mitungi mitatu. Kila mara nilijiambia kwamba mara ijayo nitasema. Nilijiambia pia kwamba amekwisha kuyashika miaka mingi, mtungi mmoja zaidi hautaongeza kitu. Nilijiambia kwamba fundi akikosa dawa yake wateja watamkimbia, nami nitakuwa nimemnyang'anya riziki mtu aliyenipa yangu. Sababu hizo zote zilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana zilinifaa. Lakini chini yake kulikuwa na jambo moja dogo la aibu: niliogopa siku nitakayofika ufuoni na hakuna atakayesema, "Amekuja!"

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ya mtu mwingine.

Baada ya mashua ya ndugu wawili, mjomba alitokewa na kitu kama sugu mgongoni mwa mkono wa kulia, karibu na kifundo. Aliikwangua kwa kisu, ikarudi kubwa zaidi. Ikapasuka, ikawa kidonda chenye kingo ngumu kisichotaka kufunga. Alienda hospitali ya Kombewa, wakaitazama, wakamwandikia barua ya kuja mjini bila kuchelewa. Alilala kwangu Migosi usiku mmoja na asubuhi nikampeleka. Daktari alikata kidonda na nyama iliyokizunguka, akatuma kipande kikapimwe. Majibu yalisema ni saratani ya ngozi, lakini ilikuwa haijaenda mbali, na alidhani ameiondoa yote.

Nilimfuata daktari kwenye korido.

"Inaweza kuwa imeletwa na mafuta?" nikamwuliza. "Mafuta mazito, yale ya boila. Anayashika kwa mikono."

"Inaweza."

"Ama ni jua?"

"Jua pia linaweza. Mzee amefanya kazi juani miaka arobaini." Alinitazama. "Huwezi kupima kidonda ukajua kilikotoka. Lakini mafuta, aache."

Niliketi kwenye benchi la korido. Nilikuwa najua kutenganisha mamia ya vitu katika tone moja na kukipa kila kimoja uzito wake, na hapo hakukuwa na mashine ya kuniambia ni sehemu gani ya kidonda kile ilikuwa yangu. Nadhani nilitumaini daktari angesema ni jua. Nilikuwa nimeshaanza kushukuru kabla hajafungua mdomo.

Siku ya tatu baada ya majibu, mkono ukiwa bado umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko, mjomba aliketi chumbani kwangu akinywa chai kwa mkono wa kushoto. Nilitoa karatasi za Nairobi kutoka chini ya godoro, maana ndipo nilipokuwa nimeziweka, nikazikunjua mezani mbele yake.

"Nera, kuna jambo sikukwambia."

Nilimweleza. Alisikiliza kama alivyosikiliza wateja, macho chini, bila kukatiza. Akaniuliza mistari ni nini, nikamwambia. Akaniuliza ni upi ule mbaya, nikauonyesha. Aliugusa kwa ukucha.

"Mashine inavunja kitu ili ijue kiliundwa vipi?"

"Ndiyo."

"Na hii karatasi umekuwa nayo tangu lini?"

"Tangu nitoke Nairobi."

Mjomba hakuhesabu kwa miezi. Aliinua uso. "Hiyo ni kabla ya mashua ya mjane, ama baada?"

Ningeweza kusema baada. Asingejua kamwe.

"Kabla," nikasema.

Nje jirani alikuwa akipepeta mchele, na nilisikia kila punje. Mjomba akaweka kikombe chini.

"Mjane, mwalimu, wale ndugu wawili," akasema. "Mara tatu ulinitazama nikitia mkono."

"Nisamehe, nera."

Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Alisema, "Si mimi peke yangu ninayepaka. Nimewafundisha watu. Wewe ndiye uliyeleta, wewe ndiye utakayewaambia. Jumapili baada ya kanisa nitawaita."

Akawaita. Walikuja kama thelathini, wakasimama mbele ya banda la kupimia samaki. Mjomba alikaa pembeni, mkono umelazwa juu ya paja. Sikuwa nimewahi kuzungumza na watu wengi namna ile, na nilianza vibaya, kwa habari za pete na kaboni. Mmoja akanikatiza.

"Sema wazi. Ni sumu?"

"Si ya kuua leo. Ni ya kuharibu ngozi polepole. Mjomba amekatwa nyama ya mkono kwa ajili yake, ama kwa ajili ya jua, hatujui. Lakini msiyashike tena."

"Na samaki?"

"Sijui. Sijapima samaki."

"Kwa nini hukutuambia ulipojua?"

Nilikuwa na majibu kadhaa ya swali hilo, yale yale niliyojipa muda wote ule. Mwishowe nikasema, "Niliogopa," na mtu mmoja akacheka, si kwa ubaya. Wengine waliondoka wakinung'unika. Mdogo wa wale ndugu wawili alisema babu yake alipaka oili chafu ya injini kwenye nguzo za nyumba maisha yake yote na akafa akiwa na miaka tisini. Najua baadhi yao waliendelea kupaka, maana oili chafu inapatikana katika kila gereji, haikuhitaji mtungi wangu tena.

Mkuu wangu wa maabara nilimwambia pia, kwamba nilimdanganya. Alikaa akizungusha penseli. Akasema tu, "Pipa litiwe kufuli," na tangu siku hiyo alianza kuomba aone karatasi za vipimo vyangu kabla ya kutia sahihi. Hakuwahi kuziomba hapo awali. Sikumlaumu.

Mkono wa mjomba ulipona lakini kifundo kilikakamaa. Aliweza kushika tezo ya kuchongea mbao kwa saa moja tu, kisha vidole vikafunguka vyenyewe. Aliunda mashua mbili zaidi, polepole, akazipaka rangi ya duka. Nilipomtembelea tuliongea habari za mvua, za magugu yaliyoanza kufunika ghuba, za mama yangu. Hakuwahi kunitupia neno. Ila aliacha kuniita okewa. Aliniita Bwana, kama anavyomwita mtu yeyote anayeshuka kwenye basi.

Ilikuwa katika ziara moja ya namna hiyo, nadhani mwaka mzima ulikuwa umepita. Mjomba alikuwa amelala mchana. Mkewe, ambaye nimemwita Mama tangu utotoni, alikuwa nyuma ya nyumba anafua kwenye karai. Nilimsalimu nikaketi kwenye kigoda. Aliendelea kufua, akasugua kola, akaikamua, kisha akasema bila kuniangalia:

"Nilisikia uliwaambia wanaume pale ufuoni."

"Ndiyo, Mama."

"Na mjomba wako ulimwambia."

"Ndiyo."

"Yale mashati yake. Yale yaliyokuwa yanakuja meusi, yanateleza. Nilikuwa nayaloweka kwa mafuta ya taa, halafu nasugua kwa mikono hii, mengine nayasugua mara tatu. Miaka yote hiyo." Akaitua nguo ndani ya maji. "Mimi nani angeniambia?"

Sikuwa nimemfikiria. Katika usiku wote niliokosa usingizi, katika kujihukumu kwangu kote, sikuwa nimewahi hata mara moja kufikiria mikono yake. Nilitazama chini nikamwambia kweli, kwamba sikuwa nimemfikiria.

"Najua," akasema.

Jumatatu nilimpeleka mjini. Daktari yule yule alitazama viganja vyake, katikati ya vidole, mikono hadi mabegani, akasema haoni kitu, lakini arudi kila mwaka. Tumekuwa tukienda. Yeye huvaa nguo yake ya kanisani, na kwenye benchi la korido hunisimulia habari za mihogo na za wajukuu, na jina lake likiitwa husimama na kuingia peke yake, akanifungia mlango.